Nasaba na Pumzi: Jinsi Jeni Zinavyoathiri Magonjwa ya Mapafu na Sifa Nyingine za Nguruwe

Utangulizi

Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema Waswahili. Na maji hufuata mkondo. Methali hizi zimebeba imani kongwe kwamba mzazi humwachia mwanawe zaidi ya sura. Mfugaji anayekwenda kwa jirani kununua nguruwe dume kwa sababu dume huyo ana mgongo mrefu na mapaja manene anaongozwa na imani iyo hiyo. Naye huita anachokinunua "mbegu nzuri". Swali ambalo methali hazilijibu ni hili: je, mbegu hiyo nzuri itakuwa nzuri kwa kila jambo? Dume mwenye mapaja manene atawarithisha wanawe pia mapafu imara? Na ikiwa kifua cha mwana kitakohoa, lawama ni ya nasaba au ya banda?

Huenda msomaji wa Kiswahili akashangaa kuona nguruwe katika jarida la lugha. Mnyama huyu hana nafasi kubwa katika fasihi ya pwani, na sababu za kidini za hali hiyo zinaeleweka na kuheshimiwa. Hata hivyo, jina lake ni la Kibantu halisi: Wakikuyu humwita ngũrwe, Wanyarwanda ingurube, Wazulu ingulube. Isitoshe, sayansi inayomhusu inazungumzia mambo ambayo Kiswahili kina maneno mengi ya kuyataja, yakiwemo nasaba, ukoo, urithi, kinga na ustahimilivu. Makala haya yanadhamiria kueleza, kwa lugha ya Kiswahili, namna jeni zinavyochangia magonjwa ya mapafu ya nguruwe, uhusiano wa magonjwa hayo na sifa nyingine zinazotafutwa na wafugaji, na gharama inayoambatana na kila uteuzi.

Mapafu na Maadui Wake

Nguruwe wanaofugwa kwa wingi ndani ya banda moja huvuta hewa moja. Ndiyo maana maradhi ya kifua ni miongoni mwa hasara kubwa za ufugaji wa kisasa. Maradhi mawili yanatosha kuwa mfano.

La kwanza ni nimonia inayoletwa na mikoplasma, yaani kiumbe mdogo wa jamii ya bakteria asiye na ukuta wa seli. Kiumbe huyu hujishikiza kwenye vinyweleo vidogo sana vilivyotanda ndani ya njia ya hewa. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kufagia vumbi na vijidudu na kuvirudisha nje. Vikishaharibiwa, ufagio umevunjika: vijidudu vingine ambavyo vingefagiliwa sasa huteremka hadi mapafuni na kujenga makao. Nguruwe hukohoa kikohozi kikavu, hula bila kunenepa, na akichinjwa, sehemu za mbele na za chini za mapafu yake huonekana nyekundu iliyoiva na ngumu kama nyama. Aghalabu haui. Hula faida ya mfugaji kidogo kidogo.

La pili ni ugonjwa wa uzazi na upumuaji unaojulikana kwa kifupisho PRRS. Ulitambuliwa nchini Marekani mwaka 1987 na kuonekana Ulaya mwaka 1990. Mwaka 1991 watafiti wa Lelystad, Uholanzi, walikitenga kirusi kinachousababisha. Nguruwe jike mwenye mimba huiharibu, na kivinimbi, yaani mwana wa nguruwe, hushikwa na nimonia. Ukatili wa kirusi hiki umo katika shabaha yake: hushambulia makrofaji, seli zinazolinda mapafu kwa kumeza wavamizi. Mlinzi hugeuzwa kuwa nyumba ya mwizi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba ugonjwa huu uliwagharimu wafugaji wa Marekani takriban dola milioni 664 kila mwaka.

Chanjo zipo kwa maradhi yote mawili, nazo husaidia, ila hazifungi mlango kabisa. Chanjo ya mikoplasma hupunguza madhara bila kuzuia maambukizi, na kirusi cha PRRS hubadilika upesi kiasi cha kuzipiga chenga chanjo zilizoundwa jana. Hapa ndipo wataalamu walipoanza kuitazama nasaba.

Urithi si Hukumu

Kabla ya kuendelea, yafaa kufafanua dhana ambayo mara nyingi hueleweka visivyo, nayo ni urithikaji. Nguruwe wa kundi moja hutofautiana: huyu mnene, yule mwembamba, huyu anakohoa, yule hakohoi. Tofauti hizo zina vyanzo viwili vikuu, yaani jeni na mazingira. Urithikaji ni kipimo cha sehemu ya tofauti hizo inayotokana na jeni. Hupimwa kuanzia 0 hadi 1. Unene wa tabaka la mafuta mgongoni una urithikaji wa takriban 0.5, kumaanisha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya nguruwe wa kundi husababishwa na jeni. Idadi ya wana wanaozaliwa kwa mkupuo mmoja ina urithikaji wa takriban 0.1 tu.

Urithikaji wa magonjwa ya mapafu kwa kawaida uko upande huo wa chini. Tafsiri ya jambo hili inahitaji uangalifu. Haimaanishi kuwa jeni hazina kazi. Inamaanisha kwamba hewa chafu, msongamano, vumbi, na kuchanganya nguruwe wa umri na asili tofauti vinachangia sehemu kubwa zaidi ya tofauti zinazoonekana. Aidha, kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu nguruwe mmoja mmoja. Ni sifa ya kundi, na kundi likihamishiwa kwenye banda jingine, kipimo chaweza kubadilika. Methali ya mtoto wa nyoka, kwa mtazamo huu, ni kweli nusu: mwana hurithi uwezekano, wala harithi hukumu.

Kuna kikwazo kingine. Ili kuyaona mapafu sharti nguruwe achinjwe, na aliyekwisha kuchinjwa hawezi kuzaa. Mfugaji atamteuaje mzazi kwa sifa asiyoweza kuiona angali hai? Jibu ni kuwatazama jamaa zake. Katika Jimbo la Miyagi nchini Japani, watafiti walichukua kundi la nguruwe wa aina ya Landrace, wakakagua makovu ya nimonia ya mikoplasma kwenye mapafu ya ndugu waliochinjwa, kisha wakawateua wazazi wa kizazi kilichofuata kwa kuzingatia matokeo hayo. Walifanya hivyo kwa vizazi 5. Hawakuiangalia nimonia peke yake. Walizingatia pia kasi ya ukuaji na unene wa mafuta, ili wasipate mnyama mwenye kifua kizima na mwili usiokua. Makovu yalipungua. Haba na haba hujaza kibaba: hata urithikaji ulio mdogo huzaa matunda kwa mwenye subira.

Sifa Nyingine na Bei Yake

Magonjwa ya mapafu hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Zipo sifa nyingine ambazo jeni moja tu hubadilisha mengi, na historia yake ina funzo kwa kila anayetaka kuteua.

Kuna methali inayomshauri mtu aliyekwisha kukata shauri la kula nguruwe amchague aliyenona. Ushauri huo ulikuwa wa busara katika zama ambapo mafuta yalikuwa mali. Katika karne ya 20 walaji wa Ulaya na Marekani waligeuka wakataka nyama isiyo na mafuta. Wafugaji wakaanza kuwateua nguruwe wenye misuli minene, na miongoni mwa waliopendwa walikuwa Pietrain wa Ubelgiji. Bila kujua, waliteua pia kasoro. Nguruwe wengi wa aina hiyo walikufa ghafla wakipakiwa katika malori, wakipigana, au hata wakipandana. Waliofika machinjioni wakiwa hai mara nyingi walitoa nyama iliyopauka, laini na yenye kuvuja maji.

Kiini cha kadhia hiyo kilibainika mwaka 1991, watafiti wa Toronto, Kanada, walipotambua badiliko la herufi moja katika jeni iitwayo RYR1. Jeni hii huongoza uundaji wa lango linaloruhusu kalisi kutoka ndani ya seli za misuli. Kalisi ndiyo inayouamrisha msuli kukaza. Katika nguruwe mwenye nakala mbili za badiliko hilo, hofu hulifungua lango na lango hukataa kufungika. Misuli hukaza bila kulegea, joto hupanda, asidi hujaa, na moyo husimama. Lakini msuli huohuo unaojikaza mara kwa mara ndio unaonenepa na kukosa mafuta. Faida na mauti vilitoka chungu kimoja.

Kabla ya mwaka 1991, njia ya kuwatambua wenye kasoro ilikuwa kuwavutisha gesi ya dawa ya usingizi iitwayo halotheni. Aliyekakamaa miguu aliondolewa. Njia hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa. Ilimnasa mwenye nakala mbili tu, huku mwenye nakala moja akipita salama na kuendelea kuisambaza kwa wanawe. Kipimo cha DNA kiliwafichua wote wawili, na tangu hapo mfugaji aliweza kuchagua akiwa anajua anachokichagua.

Mifano mingine ni ya upole zaidi. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba badiliko moja katika jeni ya IGF2 huongeza misuli na kupunguza mafuta. Ajabu ya jeni hii ni kwamba nakala inayofanya kazi ni ya baba peke yake. Ya mama hunyamazishwa. Nguruwe jike aweza kuibeba sifa hiyo bila kuionyesha, na mwanawe wa kiume akairithi na kuidhihirisha kwa wajukuu. Hali kadhalika, nguruwe wa mwituni ana pingili 19 za uti wa mgongo kati ya shingo na nyonga, ilhali nguruwe wa kizungu wa kufugwa wana kati ya 21 na 23. Mgongo mrefu anaousifu mfugaji wetu wa mwanzo ni matokeo ya uteuzi wa miaka mingi, na sehemu yake imefuatiliwa hadi kwenye jeni mahususi.

Kinga, Ukinzani na Ustahimilivu

Katika mazungumzo ya kawaida, mnyama asiyeugua husemwa kuwa ana kinga. Sayansi ya nasaba inalazimisha utofautishaji wa dhana tatu, na Kiswahili kina maneno ya kuzibeba zote. Kinga ni uwezo wa mwili kumtambua na kumpiga adui, ambao mara nyingi huongezeka baada ya chanjo au ugonjwa. Ukinzani ni uwezo wa kumzuia adui asiingie au asizaane mwilini. Ustahimilivu ni uwezo wa kuishi na adui aliyekwisha kuingia bila kudhurika sana. Tofauti kati ya viwili vya mwisho si ya kinadharia tu. Nguruwe mkinzani hamwambukizi mwenziwe kwa urahisi. Nguruwe mstahimilivu aweza kuonekana mzima huku akilisambaza janga.

Utafiti kuhusu PRRS unaonyesha daraja za ukinzani. Katika majaribio ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, watafiti wa Marekani waliwaambukiza vivinimbi kirusi hicho kwa makusudi, wakapima wingi wa virusi katika damu na kuongezeka kwa uzito kwa siku 42. Eneo moja la kromosomu ya 4 lilijitokeza waziwazi, likieleza takriban asilimia 15 ya tofauti za kijeni katika wingi wa virusi. Waliorithi nakala nzuri, hata moja tu kutoka kwa mzazi mmoja, walikuwa na virusi vichache na waliongeza uzito zaidi. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba jeni inayoshukiwa hapo ni GBP5. Katika nguruwe wenye nakala mbaya, herufi chache za ziada hujipenyeza katika ujumbe wa jeni hiyo, na protini inayotokana nayo hukatika kabla ya kukamilika, mithili ya sentensi iliyokosa kiarifu. Huu ni ukinzani wa kiasi: kirusi huingia, lakini hakistawi sana.

Kitasa cha Mlango

Ukinzani kamili ulitafutwa kwa njia nyingine. Kirusi hakiwezi kuingia katika seli yoyote. Sharti kipate kitasa kinacholingana na ufunguo wake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kitasa hicho ni protini iitwayo CD169, iliyo juu ya makrofaji. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri waliripoti matokeo ya nguruwe waliozaliwa bila protini hiyo. Nguruwe hao waliugua kama wengine. Kitasa kilikuwa kingine.

Watafiti hao waligeukia protini ya CD163. Kwa kutumia mbinu ya kuhariri jeni, yaani kukata DNA mahali palipokusudiwa, waliizima jeni yake. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2015 yalikuwa bayana: nguruwe waliohaririwa hawakuugua hata walipodungwa kirusi na kuwekwa zizi moja na wagonjwa. Hata hivyo, swali halikukosekana. CD163 haikuumbwa kwa ajili ya kirusi. Ina kazi yake, ikiwemo kuondoa mabaki ya hemoglobini damuni. Je, si hatari kumnyima mnyama kiungo cha mwili ili kumkomesha mgeni? Watafiti wa Taasisi ya Roslin, Edinburgh, walijibu swali hilo kwa mkato mdogo zaidi. Waliondoa kipande kimoja tu cha protini, kile ambacho kirusi hushikilia, na kuacha sehemu nyingine zikiendelea na kazi. Wanyama wao, ambao habari zao zilitolewa mwaka 2017 na mwaka 2018, nao hawakuambukizwa.

Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha nguruwe wakinzani wa PRRS walioendelezwa na kampuni ya uzalishaji mbegu ya PIC. Kwa hiyo suala hili limetoka maabara na kuingia sokoni, na maswali yake yamebadilika. Hapo awali liliulizwa "inawezekana?". Sasa linaulizwa "ni ya nani, na kwa bei gani?". Mfugaji aliyezoea kuazima dume la jirani atazingatia kwamba mbegu yenye kitasa kilichoondolewa ina mwenyewe, na kwamba faida yake hukamilika pale tu kundi zima linapokuwa na sifa hiyo. Zaidi ya hayo, ukinzani dhidi ya kirusi kimoja haufungui madirisha ya banda lililojaa moshi wa samadi. Mikoplasma haihitaji CD163.

Funzo la Ngiri

Mipaka ya njia hii inaonekana vyema zaidi nchini Kenya. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo hapa nchini ndiyo janga linalotisha zaidi mifugo hii, ilielezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921 kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi. Si ugonjwa wa mapafu hasa. Huvamia mwili mzima, ila kirusi chake nacho hupenda makrofaji. Ngiri hubeba kirusi hicho na kukipokezana na papasi waishio mashimoni mwao, bila kuonekana wagonjwa. Nguruwe wa kufugwa akiambukizwa aina kali, hufa baada ya siku chache.

Ngiri na nguruwe ni mtu na binamuye. Kwa nini basi mmoja astahimili na mwingine afe? Watafiti wa Roslin walishuku jeni ya RELA, inayoshiriki katika kuuamsha mwili dhidi ya maambukizi, wakaihariri ile ya nguruwe ifanane na ya ngiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuleta ukombozi: nguruwe hao waliugua. Nao nguruwe wasio na CD163, walioishinda PRRS kabisa, walijaribiwa kwa homa hii mwaka 2017, wakaugua vilevile. Ustahimilivu wa ngiri, uliojengwa kwa maelfu ya miaka ya kuishi pamoja na kirusi, hauazimwi kwa kubadilisha neno moja. Kwa hiyo mfugaji wa Busia au Kiambu bado hana mbegu ya kumwokoa na homa hii. Alicho nacho ni ua, maji ya kuoshea viatu, kutowalisha nguruwe mabaki ya nyama, na ujasiri wa kutoa taarifa mapema badala ya kuuza wagonjwa haraka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jeni huchangia magonjwa ya mapafu ya nguruwe kwa njia tatu: kupitia jeni nyingi zenye mchango mdogo, kama ilivyo kwa nimonia ya mikoplasma, kupitia jeni yenye uzito wa wastani, kama GBP5, na kupitia mlango mmoja ambao ukifungwa kirusi hubaki nje, kama CD163. Yameonyesha pia, kwa mfano wa RYR1, kwamba anayeteua sifa moja huteua na zile asizoziona. Kizuri hakikosi ila, na katika nasaba ila hiyo huja kudhihirika baada ya vizazi.

Mwaka 2022 Kenya ilitoa mwongozo kuhusu uhariri wa jenomu. Yamkini siku haziko mbali ambapo mfugaji wa kawaida ataulizwa iwapo anaikubali mbegu ya namna hii. Ataulizwa kwa lugha gani? Iwapo wasomi wa Kiswahili hawatakuwa wamempa maneno ya kutenga kinga na ukinzani, ukinzani na ustahimilivu, uwezekano na hukumu, atajibu ndiyo au la bila kujua alichoulizwa. Istilahi zilizotumiwa hapa si mpya kwa mzungumzaji wa lugha hii. Zimekuwapo kinywani mwake siku zote. Kilichosalia ni kuzikubalia mipaka, na kuzitumia.